Kamera Ndani ya Gari la Mbio: Kutoka Le Mans Mpaka Shamba la Mkonge

Leo siandiki siasa. Tupumzike kidogo, tuzungumze magari.

Kisa chenyewe kilianza Jumamosi moja nje kidogo ya Morogoro. Rafiki yangu mmoja, fundi ambaye kila senti anayopata huishia kwenye Subaru yake kuukuu, alikuwa amepewa ruhusa ya kufanya mazoezi kwenye barabara ya vumbi ndani ya shamba la mkonge. Akaniomba nimrekodi. Nami, kwa kujiona mtaalamu wa picha eti kwa sababu nina kitambulisho cha gazeti, nikaifunga kamera ndogo juu ya dashibodi kwa gundi ya karatasi na mipira ya tyubu ya baiskeli. Kona ya kwanza ikapita salama. Ya pili pia. Ya tatu kamera ikachomoka, ikaangukia miguuni kwa dereva na kujibana chini ya pedeli ya breki.

Jamaa akakanyaga, pedeli haikushuka. Akapiga gia ya chini na kuliingiza gari kwenye mkonge kwa makusudi. Tukasimama. Hakuna aliyeumia, taa moja tu ilivunjika na rangi ya mlango ikachorwa na miba. Tulikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Kaka, ungetuua kwa ajili ya video."

Sikuwa na jibu. Niliporudi Dar nikaanza kusoma: hivi nani aliyeanzisha huu wazimu wa kubeba kamera ndani ya gari linalokimbia? Na walizifungaje?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 1956. Mwingereza Mike Hawthorn alizunguka njia ya Le Mans, Ufaransa, akiwa na Jaguar D-type iliyofungwa kamera ya filamu, na kipaza sauti cha kumwezesha kusimulia huku akiendesha. Njia ile ina zaidi ya kilomita 13 na sehemu kubwa yake ni barabara za umma, kwa hiyo ndani ya filamu unaona malori na watu wa baiskeli wakiendelea na shughuli zao, naye anawapita huku akieleza kona kwa sauti ya mtu anayekunywa chai. Ukitazama bila kujua historia utacheka. Lakini mwaka mmoja kabla, 1955, katika mbio hizo hizo, gari liliruka na kuingia kwa watazamaji, likaua watu zaidi ya 80. Hawthorn alikuwa katikati ya tukio lile, na ndiye aliyetoka na ushindi wa siku hiyo. Mimi siwezi kuitazama filamu ile bila kuyakumbuka hayo.

Kamera za wakati huo zilikuwa mizigo. Chuma kizito, reli ya filamu inayoisha baada ya dakika chache, na lenzi inayotikisika kila gari likipita kwenye shimo. Ndiyo maana kazi hii ilibaki kwa watu wa sinema. John Frankenheimer alipotengeneza "Grand Prix" ya 1966, bingwa wa dunia wa 1961, Phil Hill, alipewa kazi ya kuendesha gari la kamera. Steve McQueen akaenda mbali zaidi. Kwa ajili ya filamu yake "Le Mans" iliyotoka 1971, Porsche 908 iliingizwa kwenye mbio halisi za saa 24 za mwaka 1970 ikiwa imebeba kamera, madereva wakiwa Herbert Linge na Jonathan Williams. Kila filamu ilipoisha walilazimika kuingia kituoni kubadilisha. Gari lilifika mwisho lakini halikupewa nafasi yoyote, kwa sababu halikutimiza umbali uliotakiwa. Hebu fikiria: unashindana usiku na mchana, halafu kinachokurudisha nyuma ni kusimama kubadilisha filamu!

Mfaransa Claude Lelouch ndiye aliyenitia wasiwasi, mimi mwandishi wa habari. Mwaka 1976 alifunga kamera mbele ya gari lake na kuikata Paris alfajiri, akivuka taa nyekundu, bila barabara kufungwa. Dakika kama nane hivi, bila kukata. Ngurumo unayoisikia ni ya Ferrari. Gari lililoendeshwa lilikuwa Mercedes. Sauti iliwekwa baadaye! Picha ni ya kweli, hatari ni ya kweli kabisa (na kwa maoni yangu ulikuwa ujinga, maana watu walikuwa njiani), lakini masikio yako yanadanganywa kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Mapinduzi yenyewe yalitokea Australia. Mwaka 1979, kwenye mbio za kilomita 1,000 za Bathurst, mafundi wa runinga ya Channel Seven ya Sydney walifunga kamera ndani ya Toyota Celica ya Peter Williamson na kurusha picha moja kwa moja. Gari lilituma mawimbi angani, helikopta ikayapokea na kuyashusha kwenye mitambo. Watangazaji walizungumza na Williamson akiwa anapanda na kushuka mlima. Mbio zilishindwa na Peter Brock na Jim Richards kwa tofauti ya mizunguko sita, ila kwangu mimi mshindi wa siku alikuwa yule wa Celica. Formula 1 wakachelewa. Mwaka 1985 kwenye uwanja wa Nürburgring, Ujerumani, Renault waliingiza gari la tatu likiwa na kamera, dereva François Hesnault. Baada ya mizunguko 8 tu klachi ikafa.

Miaka michache baadaye kamera ilikuwa imegeuka shahidi. Mei 1, 1994, Ayrton Senna alipofariki Imola, kamera ilikuwa kwenye gari lake. Mahakamani Italia wataalamu waliichunguza picha ile, wakafuatilia hata mwendo wa kitufe kimoja kwenye usukani ili kujua kama nguzo ya usukani ilikuwa imekatika kabla ya ajali. Picha yenyewe inaishia muda mfupi kabla ya gari kugonga ukuta.

Kwa sisi wa huku kuna jina la kukumbuka: Ari Vatanen wa Finland, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1983 na Opel Ascona 400. Mwaka 1988 alipanda mlima Pikes Peak, Marekani, na Peugeot 405. Kona 156, kilele kiko mita 4,302 juu ya usawa wa bahari, na wakati huo barabara ilikuwa ya changarawe. Alitumia dakika 10 na sekunde 47, rekodi mpya. Filamu ya dakika chache iliyotokana na safari ile, "Climb Dance", ina kipande ambacho jua linampiga usoni, anainua mkono mmoja kujikinga macho, na mkono mwingine unaendelea kuendesha pembeni ya bonde. Nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri.

Kisha vitu vikawa vidogo. Watu wa kawaida Ulaya, wanaolipa kuendesha magari yao wenyewe kwenye viwanja vya mbio, walikuwa wakitumia kamera za mkanda, na mtikisiko ulikuwa ukiharibu mkanda. Mwaka 2004 kampuni ya GoPro ilitoa kamera yake ya kwanza kwa ajili ya wateleza mawimbini, ya filamu ya milimita 35. Ile ya 2006 ilirekodi video ya sekunde 10 bila sauti. Mwaka 2009 ikaja ya picha safi, na tangu hapo kila mtu ni Frankenheimer.

Ufungaji, hata hivyo, una kanuni zake, na hapa ndipo nilipoona aibu. Kamera haifungwi kwenye dashibodi ya plastiki. Inafungwa kwa kibano kwenye mabomba ya chuma ya kinga, maana hayo yanakwenda na gari zima, picha haitikisiki ovyo. Kama ni kikombe cha mpira cha kunata kwenye kioo, kioo kisafishwe kwanza. Kisha kamba ya pili, fupi kiasi kwamba kibano kikiachia, kamera haiwezi kufika kwenye pedeli.

Tulirudi mkongeni wiki tatu baadaye. Taa nilinunua mimi. Nilifunga kibano nyuma ya viti, nikaweka kamba, nikaivuta kwa nguvu zote, naye akaja akaivuta tena. Hakusema kitu, akawasha gari. Safari hii nilibaki nje, kivulini.

Jioni tukakaa kuangalia. Ile kona ndefu kabla ya daraja, ambayo kwa miaka miwili ametuambia kijiweni kwamba haachii mafuta hata kidogo, injini inasikika wazi ikishuka. Na mguu unaonekana unainuka. Akarudisha nyuma, akaangalia tena, mara tatu.

"Hii sauti," akaniuliza, "inaweza kuondolewa?"