Kuni za Mlimani: Habari za Moto wa Nyumbani katika Kilimanjaro

Katika kitabu cha Yubile watu hutazamia kusoma habari za maaskofu, za mapadre wa kwanza, za makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa. Habari hizo ni njema, wala hatuzipunguzii heshima yake. Walakini iko habari nyingine ambayo kila nyumba yaijua, ila mara chache huandikwa, nayo ni habari ya kuni. Askofu na katekista, mangi na maskini, wote waliota moto mlimani hapa. Na kila moto ulikuwa na mtu aliyezileta kuni zake kichwani.

Sisi husema kuni hizo zilikuwa za bure, kwa sababu hapana aliyetoa fedha. Basi na tutazame vema kama zilikuwa za bure kweli, na nani aliyelipa.

Baridi na nyumba ya kale

Watu wa pwani wasikiapo jina la Kilimanjaro hufikiri ya kuwa baridi iko kileleni tu, mita 5,895 juu ya bahari. Sivyo. Vihamba vya Wachagga kwa sehemu kubwa viko kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi, na kadiri mtu apandavyo ndivyo baridi inavyozidi. Katika miezi ya Juni na Julai mawingu hukaa juu ya migomba siku nyingi, jua halionekani, wala nguo iliyofuliwa haikauki.

Nyumba ya kale ilikuwa ya msonge, imeezekwa kwa nyasi au kwa majani makavu ya migomba toka juu karibu kufika chini. Ndani yake walikaa watu na ng'ombe na mbuzi pamoja, maana mifugo ya kihambani hulishwa zizini kwa majani iletewayo. Palikuwa na mafiga matatu, na juu ya mafiga uchaga. Moto ule ulikuwa na kazi nyingi: kupika ndizi, kuangaza nyumba, kukausha kuni za kesho zilizo uchagani, kufukuza wadudu katika paa, na zaidi ya yote kuwapasha joto watoto na wazee. Usiku mama hakuuacha ufe. Alifukia kaa la ukuni mgumu katika majivu, na alfajiri akalifukua, akalipuliza. Majivu nayo yalirudi migombani.

Lakini moshi ulikuwa na gharama yake. Macho mekundu na kikohozi vilikuwa sehemu ya nyumba ile, na waliokaa karibu zaidi na meko, yaani mama na watoto wadogo, ndio walioumia zaidi.

Kusenya na kuchanja

Kuni zilipatikana mahali patatu. Kwanza, kihambani penyewe: matawi ya mringaringa na msesewe na miti mingine ya kivuli, na tangu kahawa ilipoenea, mashina ya mibuni yaliyopogolewa. Pili, msituni juu ya vihamba. Tatu, nyikani chini, ambako wanawake walishuka kukata majani ya ng'ombe.

Kusenya kuni kulikuwa kazi ya wanawake na wasichana. Walitoka mapema, wakaokota matawi yaliyokauka na kuanguka, wakayafunga kwa kamba, wakajitwika juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba, wakashuka njia za utelezi. Mama mwenye akili hakuokota ovyo. Alijua miti iwakayo upesi, yafaayo kuwashia. Alijua na miti migumu iwakayo polepole na kuacha makaa ya kulala nayo usiku.

Kutema miti na kuchanja magogo kulikuwa kazi ya wanaume. Kazi hii yataka maarifa kuliko nguvu. Gogo la miti mingi hupasuka upesi lingali bichi. Likikauka hushika shoka. Mwenye kujua hutafuta kwanza ufa ulio mwishoni mwa gogo, naye hupiga juu ya ufa ule ule. Fundo hulikwepa, na gogo kaidi hulitia kabari. Tena ukuni uliochanjwa hukauka upesi, maana gome huzuia maji yasitoke. Mti uliotemwa leo waweza kuwa na maji yapatayo nusu ya uzito wake. Auotaye moto wa kuni mbichi hutumia joto lake kuchemsha maji yaliyo ndani ya mti, akabaki na moshi. Ndiyo maana nyumba yenye busara ilikuwa na kuni za mwezi ujao zimekwisha kupangwa chini ya upenu. Wazee husema, ukuni ulio uchagani huucheka ulio motoni. Nasi twaongeza, heri nyumba yenye ukuni wa kucheka.

Basi hii ndiyo malipo ya kwanza ya kuni za bure: shingo ya mwanamke, na mikono ya mwanamume.

Msitu wapata mwenyewe mpya

Zamani za wamangi kila nchi ya Uchagga ilikaa kati ya makorongo mawili, ikipanda toka nyikani hata msituni. Watu walihesabu msitu ulio juu yao kuwa wao: ndimo walimotundika mizinga ya nyuki, ndimo walimokimbilia wakati wa vita, ndimo walimopata miti na kuni. Watu walikuwa wachache, na matawi makavu yalitosha.

Mwaka 1895 serikali ya Wadachi ilitoa amri ya kuwa nchi isiyokaliwa na mtu ni mali ya Serikali. Mwaka 1904 ikatoa amri nyingine ya kulinda misitu. Waingereza walipokwisha kuitwaa nchi, wao nao walitangaza msitu wa Kilimanjaro kuwa hifadhi mwaka 1921. Tangu hapo ulikuwako mpaka, na aliyeuvuka kwa shoka aliweza kushitakiwa.

Tusiseme amri hizo hazikuwa na sababu. Msitu ndio unaoshika mvua na ukungu, nao hulisha chemchemi na mito, na mifereji ile ambayo wazee walichimba kwa werevu mwingi kupeleka maji vihambani. Haja ya kuni ilikuwa imekua pia. Misheni ya Kilema ilifunguliwa mwaka 1891, na ya Kibosho mwaka 1893. Mwaka huo huo Walutheri wa Leipzig walifika Machame. Mahali po pote majengo ya matofali ya kuchoma yalipojengwa, tanuri lilikula kuni nyingi. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji ukakua. Kahawa nayo ilienea, hata wakulima wakaanzisha chama chao mwaka 1925, nacho kikafuatwa na KNCU mwaka 1933. Vihamba vikajaa, wala mpaka wa msitu haukusogea. Mama aliyeamka alfajiri hakujua habari za amri. Alijua tu ya kuwa meko ni baridi.

Nusu maili ya mwaka 1941

Ndipo mwaka 1941 ukafanyika mpango unaostahili kukumbukwa. Kandokando ya mpaka wa chini wa msitu, pande za kusini na mashariki za mlima, palitengwa ukanda wenye upana wa nusu maili, yaani kama mita 800, nao ukawekwa chini ya Baraza la Wachagga. Kusudi lake lilikuwa mambo mawili: wenyeji wapate kuni na miti ya kujengea karibu na nyumba zao, na msitu wa asili ulio juu upate boma la kuulinda. Mikaratusi na miti mingine ya kigeni ikuayo upesi ilipandwa humo.

Angalieni hekima yake. Haukusema kwa mama, "Usichukue kuni." Ulisema, "Chukua hapa. Na hapa tutapanda tena." Mwenye kuchukua alikuwa jirani wa mwenye kutunza, na upungufu ulionekana mbele ya macho ya wote.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Vyeo vya wamangi vilifutwa, na mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, zikarudishwa miaka ya baadaye. Ukanda ule ukapita mkono hata mkono. Shamba lenye wasimamizi wengi wanaopokezana mara huwa halina msimamizi, na chovya chovya humaliza buyu la asali. Tena watu waliongezeka: Mkoa wa Kilimanjaro, pamoja na Upare, ulikuwa na watu wapata 650,000 mwaka 1967, katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 1,800,000.

Msitu wa siku hizi

Mwaka 1973 sehemu ya juu ya mlima ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa. Mwaka 1984 Serikali ilikataza kukata miti ya asili katika msitu. Hata hivyo, wachunguzi walioruka kwa ndege juu ya mlima mwaka 2001 waliona mikulo imeangushwa na matanuri ya makaa yamechimbwa, na ukanda wa nusu maili umepungukiwa sana na miti. Mwaka 2005 msitu nao ukatiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa. Na tangu hapo kuingia kutafuta kuni pasipo ruhusa ni kosa mbele ya sheria ya hifadhi.

Hapa hapana budi tuseme haki ya pande zote mbili. Mkulo mkubwa haukuangushwa na bibi kizee aliyeokota vijiti. Uliangushwa na mfanya biashara ya mbao. Lakini mpaka ulipofungwa, bibi kizee ndiye aliyehisi baridi kwanza, maana yeye hana fedha ya kununua gesi wala makaa. Kwa upande wa pili, maji ya mlima huu hushuka hata mto Pangani, yakanywesha mashamba na kuendesha mitambo ya umeme. Msitu ukifa, huyo bibi atakosa kuni na maji pamoja.

Neno kwa wazazi na walimu

Dawa iko karibu kuliko tudhanivyo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1984 ulikadiria ya kuwa kihamba cha Mchagga chaweza kutoa robo hadi theluthi ya kuni zinazohitajiwa na nyumba. Hiyo si haba. Mgrevilea uliopandwa mpakani hupogolewa mara kwa mara, ukatoa kuni wala usife. Mringaringa hutia kahawa kivuli, na matawi yake hutia meko moto. Nyumba yenye meko yaliyozibwa vema, yenye bomba la moshi na kuni zilizokauka, huhitaji mzigo mdogo zaidi kwa chakula kile kile, na kifua cha mama hupumzika.

Kwa walimu twasema hivi. Katika shule nyingi watoto huagizwa kuleta ukuni mmoja mmoja kwa ajili ya jiko. Haba na haba hujaza kibaba. Watoto 400 ni kuni 400. Mwalimu aulize, "Ukuni huu umetoka katika mti gani, na mti huo ulipandwa na nani?" Mtoto asipoweza kujibu, apewe mche, aupande katika kiwanja cha shule au nyumbani kwao, auangalie mpaka amalize darasa lake la mwisho. Somo hilo atalikumbuka kuliko hesabu nyingi za ubaoni.

Na ninyi akina baba, msiseme kuni ni kazi ya wanawake. Zamani shoka lilikuwa mikononi mwa mwanamume; na mkono ule ule wa kuchanja wafaa kupanda. Wale waliotutangulia walitutunzia moto usizimike usiku. Basi watoto wetu watakaposherehekea Yubile yao, na wakute miti tuliyoipanda sisi, wakate tawi, wawashe moto, wasiwe na mpaka wa kuvuka kwa hofu.