Amani ya Siku Moja

Maana ya Krismasi kwa Wakristo haimo katika nguo mpya wala katika karamu. Imo katika habari ambayo malaika waliwapelekea wachungaji wa Bethlehemu usiku aliozaliwa Yesu, kwamba amani imeletwa duniani. Mwaka 1914 habari hiyo ilitiwa katika mizani.

Vita Kuu vya Kwanza vilianza katikati ya mwaka huo, na moto wake ulifika hata Afrika ya Mashariki. Huko Ubelgiji, karibu na mji wa Ypres, Waingereza na Wajerumani walijichimbia mahandaki wakaelekezana bunduki. Uwanja uliokuwa kati yao, ambao mahali pengine haukutimiza hatua mia, ulitapakaa maiti. Tarehe 7 Desemba, Papa Benedikto wa 15 aliomba silaha zinyamazishwe japo kwa sikukuu. Wakuu wa mataifa hawakukubali.

Lakini usiku wa tarehe 24 Wajerumani waliwasha mishumaa juu ya mahandaki yao, wakaimba nyimbo za Noeli. Waingereza wakaitikia kwa zao. Kulipokucha, askari wa pande zote mbili walitoka mikono mitupu, wakakutana uwanjani. Walisalimiana, wakapeana tumbaku na vifungo vya makoti, wakazika wafu wao. Adui alionekana kuwa ni mtu, mwenye mama amngojaye nyumbani, naye humwomba Mungu yule yule.

Haikuwa hivyo kila mahali; kwingine risasi hazikukoma, na watu walikufa siku ile ile. Tena wakuu wa majeshi walikataza urafiki na adui. Bunduki zikalia upya, na vita havikwisha mpaka tarehe 11 Novemba 1918, baada ya mamilioni kuangamia.

Je, amani ile ilikuwa bure? Hasha. Ilionyesha kwamba askari wale hawakuzaliwa na uadui, walifundishwa. Lakini walioipokea habari njema hawakuwa na mamlaka ya kumaliza vita, na wenye mamlaka hawakuipokea. Ndiyo sababu amani haitimii kwa kuimbwa usiku mmoja. Hutimia kwa kushikwa kesho yake, sikukuu ikiisha kupita. Sisi hatumo mahandakini, lakini ni nani kati yetu asiye na mtu ambaye hasemi naye?