Biashara imedoda: tangazo lipi la mtandaoni ulilipie, lipi uliache



Mama mmoja anayeuza mabuibui na mitandio nyumbani kwake Majengo alinipa simu yake nimsaidie kusoma hesabu. Alikuwa amelipia tangazo la Facebook, shilingi 1,500 kwa siku tano. Ukurasa ulimwambia tangazo limewafikia watu zaidi ya elfu tisa. Ujumbe uliingia arubaini na kitu, wengi wakiuliza "bei gani" kisha kimya. Walionunua walikuwa wawili. "Kakangu, hao elfu tisa wako wapi?" aliniuliza.

Nilichukua kalamu. Buibui lile huliuza 2,500, na mwenyewe hulichukua kwa 1,900, kwa hivyo kila moja humwachia 600. Mawili ni 1,200. Tangazo 1,500, na VAT ya asilimia 16 juu yake ni 240, jumla 1,740. Amepoteza shilingi 540, na hapo hatujahesabu bando wala jioni nzima ya kuwajibu watu arubaini. Lau angeuza matatu, angebakiwa na shilingi 60. Pesa hizo alizitoa kwenye akiba ya karo ya muhula ujao.

Makala haya ni kwa ajili yake na wenziwe, nao ni wengi: wapishi wa kaimati na mahamri wa oda, wauza leso, mafundi wa samani, wenye vyumba vya wageni Lamu na Malindi. Mambo yamekaza na kila mtu anaambiwa "nenda mtandaoni". Haya, tumeshafika mtandaoni. Huko nako kuna pa kuweka shilingi na pa kuinyima.

Mteja wa wakati mgumu

Tuanze na mfuko wa mteja, maana ndio uliobadilika. VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5 ya nyumba, na tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA. Yule aliyekuwa akinunua leso doti mbili bila kufikiri sasa ananunua moja, au anangoja Idd.

Tazama vizuri: hajaacha kununua. Amefanya mambo matatu. Anaahirisha, anapunguza kipimo, na hataki kubahatisha na muuzaji asiyemjua. Hili la tatu ndilo linaloamua karibu kila kitu katika kuchagua njia ya kutangaza. Wakati wa neema mtu hujaribu duka jipya kwa sababu picha imempendeza. Wakati wa dhiki humrudia yule aliyemuuzia kitu kizuri mwaka jana. Kwa hivyo shilingi yako ya kwanza, na saa yako ya kwanza, iende kwa waliokwisha kununua kwako.

Utasikia wataalamu wakisema kwamba anayeendelea kutangaza wakati uchumi umelala huamka yeye ndiye mkubwa sokoni. Kwa kampuni yenye akiba ya miaka miwili benki, huenda ni sawa. Mwenye kibanda Kongowea akifuata ushauri huo kwa pesa ya mzigo, atakosa mzigo kabla uchumi haujaamka.

Daftari la simu

Mali yako kubwa ya mtandaoni si wafuasi wa ukurasa. Ni namba za watu waliowahi kukulipa. Ukiwa na till au Pochi la Biashara, tayari umeshaona ni akina nani wanaorudi na wanarudi baada ya siku ngapi. Yaandike kwenye daftari: jina, alichonunua, saizi, rangi, tarehe. Mama wa Majengo alikuwa na wateja wapatao 180 ndani ya simu, wengine amewahifadhi kwa jina "Mteja 4", na hakuwahi kuwaandikia hata mara moja isipokuwa wao waanze.

WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, ni bure na inafaa kwa kazi hii. Ina katalogi ya bidhaa unayoweka picha na bei, ina majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia, na ina alama za rangi za kuwagawa wateja: aliyelipa, anayengoja, aliyeuliza tu. Ina pia orodha ya kutuma ujumbe kwa watu hadi 256 kwa mpigo, kila mmoja akiupata kana kwamba umemwandikia yeye. Lakini kuna sharti ambalo wengi hawalijui. Ujumbe wa orodha humfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako. Ndiyo maana wengine hutuma na kutuma, kisha wakadhani wateja wamewasusa, kumbe ujumbe haukufika. Siku ya kumkabidhi mtu mzigo wake mwambie, "nihifadhi, nikipata rangi ile nyingine nikujulishe." Sekunde kumi tu, na hapo umepata pia idhini yake.

Idhini si adabu tu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka mtu akubali kabla hujatumia taarifa zake kumtangazia biashara, na aweze kujitoa akichoka. Kuokota namba kwenye grupu la harusi ukazimwagia matangazo ni kosa kwa sheria, na ni kero kwa watu.

Mara ngapi utume? Kwa maoni yangu, mara moja kwa wiki inatosha, na uwe na jambo jipya la kusema. Stetasi ni tofauti, hiyo unaweza kuweka kila siku kwa sababu hukaa saa 24 na anayeitazama ameamua mwenyewe. Picha tatu zinatosha. Mwenye kuweka arubaini hurukwa.

Na bei, jamani. "Njoo inboksi kwa bei" ilikuwa na maana zamani za kupatana. Leo mteja mwenye shilingi 800 mfukoni anataka kujua kama anaweza, na hataki aibu ya kuuliza kisha akaondoka. Andika bei, andika na nauli ya bodaboda hadi Bamburi, Likoni, Mtwapa. Katika ule ujumbe arubaini na kitu wa mama yetu, zaidi ya thelathini walikuwa wakiuliza bei pekee. Tangazo lingekuwa na bei, wengi wao wasingemchosha, na pengine wale wenye uwezo wangejitokeza mapema.

Pamoja na bei, punguza kipimo kabla hujapunguza bei. Mpishi wa halua anayeuza kilo aongeze robo. Mwenye udi auze tola badala ya chupa. Ukishusha bei ya kitu kilekile, kuipandisha tena ni vita.

Ramani ya Google

Wenye mahali pa kufikiwa, yaani mkahawa, kinyozi, fundi wa friji, nyumba ya wageni, wasiache kujiandikisha kwenye Google, ile huduma inayokuweka kwenye ramani. Ni bure. Google watataka kuthibitisha kwamba mahali papo, mara nyingi kwa video fupi ya mlango na bango lako. Mtu aliyetua Moi au aliyeshuka SGR Miritini akiandika "biriani karibu nami", ndiye mteja mwenye njaa na pesa mkononi, na hukumlipia chochote. Weka saa za kufungua, na zibadilishe Ramadhani ikiingia. Nimewahi kutembea na wageni hadi mkahawa ambao ramani ilisema uko wazi, tukakuta kufuli. Hawakurudi, na mimi pia sijarudi.

Wenye vyumba Lamu wana sababu ya ziada. Mitandao ya kuweka nafasi za malazi hukata kamisheni ambayo mara nyingi huwa karibu asilimia 15. Msimu mzuri utaivumilia. Msimu mbaya, mgeni aliyekwisha kulala kwako na akaondoka na namba yako ya WhatsApp anaweza kurudi bila mkato huo. Muombe akuandikie maoni kwenye Google akiwa bado ana ladha ya kifungua kinywa mdomoni.

Ukiamua kulipia

Sisemi usilipie kamwe. Tangazo la Facebook na Instagram linafaa ukiwa na mambo matatu: bidhaa ambayo tayari inauzika kwa wateja wako wa zamani, faida ya kutosha kwa kila moja, na pesa ambayo ikipotea nyumba haitatikisika. Usikope kwa ajili hiyo. Ukilipia tangazo kwa Fuliza au mkopo wa simu, ada zinaanza kukimbia kabla hujauza kitu, na suala la riba utalijibu mwenyewe mbele ya Mola wako.

Kabla ya kubonyeza, fanya ile hesabu ya kalamu. Gawanya gharama yote ya tangazo, pamoja na VAT, kwa faida ya kitu kimoja. Jibu ndilo idadi ya mauzo ya kurudisha pesa yako tu. Kwa buibui la faida 600, tangazo la 1,740 linahitaji mauzo matatu ndipo utoke salama. Kwa chupa ya achari yenye faida ya shilingi 50, tangazo lilelile linahitaji mauzo 35. Hapo muuza achari asahau tangazo la kulipia, aende kwenye stetasi na kwa majirani. Fundi wa kitanda chenye faida ya 6,000 anahitaji mteja mmoja tu, na bado atabaki na 4,260. Bidhaa yako ndiyo inayochagua njia, usiige ya jirani.

Ukishaamua, mambo ya kiufundi si mengi. Chagua lengo la kupata ujumbe, si la kupata laiki, kwa sababu mtambo hukuletea kile ulichoomba: ukiomba laiki utapewa watu wa kubonyeza laiki. Chora duara kuzunguka mji unaoweza kupeleka mzigo. Mama wa Majengo aliacha tangazo lienee Kenya nzima, na nusu ya waliouliza walikuwa Nakuru na Eldoret, ambako hakuwa na njia ya kupeleka buibui moja kwa nauli ya maana. Weka kikomo cha pesa na tarehe ya mwisho. Kama akaunti yako inahesabu kwa dola, kumbuka Januari 2024 dola ilipogusa karibu shilingi 160. Waliokuwa wakilipia kwa dola walipunjwa bila tangazo kubadilika hata herufi. Tukashukuru ilipoteremka hadi karibu 129 kati ya mwaka huohuo.

Kulipa mtu mwenye wafuasi wengi akutaje? Mimi nina shaka nako. Wafuasi laki moja walioko Nairobi hawatakula viazi karai vyako Mwembe Tayari. Afadhali mpelekee chakula binti wa mtaani mwenye wafuasi elfu mbili wa Kisauni na Nyali, aonje na aseme ukweli. TikTok nayo ni nzuri kwa chakula, kwa sababu mkono ukikanda na mafuta yakichemka hujitangaza vyenyewe, na huhitaji kamera ya bei.

Picha za wateja zina hatari yake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliamuru sehemu moja ya starehe Nairobi ilipe shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Huku kwetu, ambako binti hujipamba kwa ajili ya ukumbi wa wanawake peke yao, picha ya namna hiyo ikivuja huvunja mengi zaidi ya biashara. Piga buibui kwenye hanga.

Wakati wa kusema

Pesa huingia mifukoni kati ya tarehe 28 na 5. Ujumbe wako wa wiki uangukie hapo. Tarehe 17 weka stetasi tu. Ramadhani nayo husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hivyo muuza tende, mapazia na nguo za Idd asifuate mwezi aliouzia mwaka jana. Oda za nguo zianze kuitwa Rajab, maana Shaaban fundi amejaa na Ramadhani yenyewe watu wanahesabu futari. Walio ughaibuni, Uarabuni hasa, hutuma pesa ya Idd mapema. Stetasi inayosema "tunapeleka hadi kwa mama yako Old Town, unalipa kwa M-Pesa" huwagusa kuliko punguzo lolote.

Mama wa Majengo hajalipia tangazo jingine. Aliwaandikia 180 wake mmoja mmoja kwa siku nne, akiuliza tu kama nguo ilimkaa vizuri na kama ahifadhiwe. Wengine hawakujibu, wawili walilalamika kuhusu uzi, naye akawashonea upya bure. Tisa walinunua. Sasa ameniuliza kuhusu Lamu, ambako ana wateja watano na basi la kupeleka mzigo kila siku, na safari hii amekuja na hesabu yake kwenye karatasi.