Mkanda wa Dari: Historia Yake, na Ukumbi Wetu Uliokwisha Kupakwa Rangi



Kurasa nyingine za kitabu hiki cha ukumbusho zaeleza habari za mazao, mizani, mikopo na fedha za miaka kumi. Kurasa hizi tumepewa kwa jambo dogo kuliko hayo, lakini lililozua maneno mengi katika mikutano ya vyama vya msingi: pendekezo la Kamati kwamba ukumbi wetu utiwe mkanda wa dari, yaani ule ukingo wa jipsamu upitao mahali ukuta unapokutana na dari. Mafundi wengine huuita konisi. Wako wanachama waliouliza, na kwa haki, kwa nini fedha ya mkulima iende kwenye pambo, hali ukumbi ulikwisha kupakwa rangi tangu siku ya kufunguliwa. Wengine wamesikitika zaidi, maana majina ya vyama vilivyoasisi Chama Kikuu yameandikwa juu kabisa ya ukuta wa jukwaani, pale pale mkanda utakapopita.

Kuamua ni kazi ya Mkutano Mkuu, wala si ya ofisi. Lakini ni wajibu wa ofisi kuwapa wanachama habari kamili kabla hawajanyosha mikono, nasi twaona kwamba habari hizo hazina budi kuanzia mbali.

Asili yake ni mvua

Mkanda huu haukuzaliwa ndani ya nyumba, wala haukuzaliwa kuwa pambo. Katika mahekalu ya mawe ya Wayunani na Warumi wa kale, ukingo wa juu ulitokeza nje ya ukuta ili maji ya mvua yadondoke mbali, yasiteremke ukutani. Vitruvius, Mrumi aliyeandika vitabu kumi juu ya ujenzi katika karne ya 1 kabla ya Kristo, alieleza kwamba hata vile vijino vilivyochongwa chini ya ukingo vilitokana na ncha za mbao za paa katika majengo ya miti yaliyotangulia. Fundi wa mawe aliiga kazi ya seremala. Mkulima aliyejenga nyumba ya udongo aijua hekima hiyo bila kufundishwa, kwa maana huacha upenu mpana ili mvua isiule ukuta.

Baadaye umbo lile liliingizwa ndani ya vyumba, mahali pasipo mvua, likapewa kazi nyingine: kufunika mwungano wa ukuta na dari, na kuyapumzisha macho yanapopanda kutoka huku kwenda kule. Nchini Uingereza, katika karne ya 18, mafundi walikuwa wakiuvuta mkanda papo hapo ukutani. Walichanganya chokaa, mchanga na nywele za wanyama, wakaubandika mchanganyiko huo pembeni, kisha wakapitisha juu yake bamba la chuma lililokatwa kwa umbo walilolitaka, likiongozwa na ubao uliopigiliwa ukutani. Walilipitisha tena na tena, wakiongeza lipu kidogo kidogo, mpaka umbo likatimia. Robert Adam (1728–1792), msanifu wa majengo aliyesifika kwa kazi ya namna hii, alimtumia fundi Joseph Rose katika majumba makubwa kama Syon na Kedleston.

Pwani yetu nayo ina historia yake ya mapambo ya ukutani. Pale Kilwa, jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, lilipambwa kwa matumbawe yaliyochongwa. Katika nyumba za mawe za karne ya 18 huko Lamu, nchini Kenya, kuta za ndani zilijaa zidaka na nakshi za lipu. Chokaa yake ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, na nakshi ilichongwa kabla lipu haijakauka kabisa. Ingawa kazi hizo si mikanda ya dari, zilifuata utaratibu ule ule wa Uingereza: pambo na ukuta vilikuwa mwili mmoja, na rangi, kama ilikuwapo, ilikuja mwisho.

Jinsi mkanda ulivyoanza kuchelewa

Utaratibu huo ulibadilika katika karne ya 19. Mapambo madogo yalikuwa yakimiminwa katika kalibu tangu zamani, lakini mwaka 1856 Mfaransa Leonard Alexander Desachy alipata hataza mjini London kwa njia ya kumimina plasta ya jipsamu juu ya kitambaa na kuitia nguvu kwa fito za mbao. Kwa njia hiyo vipande virefu na vyepesi viliweza kutengenezwa karakanani, vikachukuliwa na kupachikwa mahali pake. Mwaka 1894 Augustine Sackett wa Marekani alipata hataza ya bodi ya plasta na karatasi, mama wa bodi za jipsamu tunazozitumia leo katika dari zetu.

Faida ilikuwa kubwa. Pambo lililokuwa la mabwana wenye majumba likaweza kuingia katika nyumba ya mtu wa kawaida. Lakini tangu hapo mkanda uliweza pia kuja kwa kuchelewa, ukabisha hodi katika chumba kilichokwisha kupambwa. Swali la ukumbi wetu limetokana na mabadiliko hayo.

Wakulima wenzetu nao wamo ndani ya habari hii. Mahali pa kitambaa na fito, mafundi wengi hutumia nyuzi za mkonge, zao lililoingizwa Tanganyika mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, likastawi kwanza upande wa Tanga. Jipsamu yenyewe huchimbwa hapa nchini, kama vile Makanya na Itigi. Kwa hiyo mkanda wa dari si lazima uwe kitu cha kigeni. Waweza kuwa mawe na katani ya nchi yetu.

Ufa wa ukumbi wetu

Sasa twaja kwenye ukumbi. Wanachama wote wameuona ule ufa mwembamba kati ya dari na ukuta. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na wako waliotaka uzibwe kwa lipu, mambo yakaisha. Lakini ufa huu si wa namna hiyo. Dari yetu imeshikwa na mbao, na mbao hutanuka wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi. Ukuta wa matofali hauendi nazo. Lipu ngumu ikijazwa hapo itapasuka tena msimu ufuatao. Mkanda huupita ufa juu yake na kuufunika, wala haujidai kuuponya. Kwa sababu hiyo hauna budi kutanguliwa na uchunguzi: kama paa lavuja, au ukuta wazama, mkanda utakuwa umeficha ugonjwa, na huo utakuwa ubadhirifu wa fedha za wanachama.

Jambo la pili ni rangi. Gundi ikipakwa juu ya rangi hushika rangi, haishiki ukuta. Rangi ikiambuka, mkanda huanguka nayo juu ya vichwa vya watu. Fundi mmoja alileta bei nafuu sana, akiahidi kumaliza upesi bila kukwangua kitu. Tumeieleza Kamati kwamba unafuu huo ndio hatari yenyewe.

Kazi iliyo sawa huenda hivi. Kipande cha mkanda hushikwa pembeni, kikapimwa mahali kitakapokaa. Kisha mistari miwili hupigwa kwa uzi wenye chaki, mmoja ukutani na mmoja darini. Rangi iliyo kati ya mistari hiyo hukwanguliwa mpaka lipu ionekane, na ile iliyo nje haiguswi. Kukwangua kufanywe kwa maji, si kwa msasa mkavu, kwa sababu vumbi la rangi laweza kuwa na madini ya risasi, yenye kudhuru hasa watoto. Ncha za mkanda hukatwa mshazari, nyuzi 45, zikutane sawasawa kwenye kona za chumba. Gundi hupakwa kwenye kingo zote mbili, na misumari ya muda hupigwa chini ya mkanda kuushikilia mpaka gundi ikauke. Vipande vizito hufungwa pia kwa skrubu kwenye mbao za dari. Gundi iliyozidi hufutwa ingali mbichi. Mkanda ukipakwa rangi yake ya kwanza ungali chini, kuta zilizokwisha kupambwa hazitachafuka sana.

Majina ya waasisi

Basi twafika kwenye majina. Kwa maelezo tuliyoyatoa, ni dhahiri kwamba mkanda hauwezi kupita ukuta wa jukwaani bila kukwangua sehemu ya maandishi yale. Kuubandika juu yake kungeyaficha na kungeuangusha mkanda. Lakini majina yale si rangi tu. Vyama vile vilileta mazao yao kwenye mizani yetu wakati wafanyabiashara walipokuwa wakilipa papo hapo, nasi hatukuwa na chochote cha kuwapa ila stakabadhi.

Kwa hiyo maoni ya ofisi ni haya. Kwanza, paa na ukuta vichunguzwe, na taarifa isomwe mbele ya wajumbe. Pili, majina yote yaandikwe upya chini ya mstari wa mkanda, kwa herufi zile zile na kwa mpangilio ule ule, na wajumbe wa vyama husika wayahakiki, kabla fundi hajagusa yale ya zamani. Tatu, bei itakayokubaliwa iwe ya kazi ifikayo kwenye lipu. Kama fedha haitoshi kwa kazi hiyo, twashauri ukumbi uachwe kama ulivyo mpaka mwaka mwingine. Ufa ule hautuaibishi. Dari iangukayo katikati ya mkutano ingetuaibisha.

Wajumbe watakapoketi, twawaomba waje na majina ya vyama vyao yameandikwa sahihi kwenye karatasi. Yako mawili yaliyokosewa herufi tangu siku ya ufunguzi, na hii ni nafasi ya kuyasahihisha.