Dawa ya Hifdhi

Katika Kisiwa cha Bwejuu, kimoja cha visiwa vidogo vilivyoizunguka Mafia, ambacho watu wake tangu kale ni wavuvi walioshika dini, elimu ya mtoto ilikuwa, kama pwani nzima, ni kusoma kwa ghibu. Mtoto alipelekwa chuoni, akaanzishwa alifu na be, kisha akapandishwa juzuu kwa juzuu, na aliyekuwa mzito wa kushika alitafutiwa kombe.

Ili kuandaa kombe hilo, mwalimu alilowesha zafarani katika marashi ya waridi mpaka yakageuka rangi ya manjano iliyokoza, akachovya kalamu ya mwanzi, akaandika aya juu ya sahani nyeupe, akaiacha ikauke. Kisha wino ukaoshwa kwa maji safi, na mtoto akayanywa yote kwa bismillahi, asibakishe tone.

Hamu hii ya dawa ya hifdhi si ya visiwani peke yake. Sheikh al-Zarnuji, katika kitabu chake Taalimu al-Mutaallim, aliwausia wanafunzi asali, ubani kwa sukari, na zabibu nyekundu 21 kila siku kabla ya kufungua kinywa. Al-Baladhuri, mwanahistoria wa Baghdad aliyefariki mwaka 892, amepewa jina la tunda la baladhuri, lililosifiwa kutia hifdhi; nao wapokezi wakhitilafiana kama aliyelinywa hata akarukwa na akili ni yeye mwenyewe au ni babu yake.

Hata hivyo al-Zarnuji alitanguliza bidii, akaagiza somo la jana lirejewe mara 5, la juzi mara 4, na kuendelea hivyo hadi mara moja. Majaribio ya kisasa nayo yaelekea huko huko: katika miaka ya 1960, huko Michigan, Marekani, Bernard Agranoff aliwafunza samaki wa dhahabu kukimbia taa iwakapo, kisha akawadunga puromisini, dawa izuiayo protini kutengenezwa ubongoni: waliodungwa mara tu baada ya somo walilisahau, na waliocheleweshwa saa moja walilikumbuka. Basi somo huhitaji muda na kazi ya mwili ndipo likae, na dawa yaweza kulifuta upesi kuliko kulipanda.

Kwa hiyo sioni kwamba zafarani ndiyo iliyowahitimisha watoto wa Bwejuu. Kombe lilimtuliza mtoto na kumtia moyo, nalo si jambo dogo. Lakini kilichomhifadhisha ni kule kurudiarudia kwa sauti alfajiri na jioni, na aliyekunywa kombe hakusamehewa darasa.