Bilicanas: Disko la Mbowe lililovunjwa mwezi ambao serikali ilianza kuhamia Dodoma

Kwa vijana wengi wa Dodoma waliosoma au kufanya kazi Dar miaka ya 1990 na 2000, ukitaja "Bills" hakuna anayeuliza ni nini. Ni Bilicanas, klabu ya usiku iliyokuwa Mtaa wa Mkwepu, katikati ya jiji. Leo haipo. Jengo lilivunjwa Septemba 2016, na hadi sasa watu wanabishana: lilikuwa deni au ilikuwa siasa?

Historia yake inaanza kwenye familia. Mzee Aikaeli Mbowe alikuwa mfanyabiashara wa Kilimanjaro aliyeisaidia TANU kifedha wakati wa kudai uhuru, na alikuwa karibu na Mwalimu Nyerere. Mwanawe alizaliwa Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, akapewa jina la Freeman, yaani mtu huru. Freeman alifanya kazi Benki Kuu kabla ya kuingia kwenye biashara. Hoteli ya Mbowe ilikuwa tayari na jina mjini, na miaka ya 1980, enzi za disko, vijana wa Dar waliijua vizuri. Bilicanas ikazaliwa hapohapo.

Kwa wapenda bata ilikuwa kiwanja namba moja. Wageni kutoka nje walikuta jina lake kwenye vitabu vya watalii. Mtu akitoka mikoani kwenda Dar, kurudi bila kusema aliingia Bills ilikuwa kama hakwenda. Jengo hilohilo lilikuwa pia na ofisi za gazeti la Tanzania Daima, la kampuni ya Free Media. Muziki na siasa vilikaa chini ya paa moja.

Siasa ndiyo iliyoipa klabu hii sura nyingine. Mbowe alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chadema mwaka 1992, akawa mbunge wa Hai mwaka 2000 na mwenyekiti wa chama mwaka 2004. Kuanzia 2010 alikuwa Kiongozi wa Kambi Rasmi ya Upinzani Bungeni, hapa Dodoma. Wapinzani wake walimkejeli kwa kumuita "DJ". Ajabu ni kwamba baadhi ya waliokuwa wakicheka walikuwa wateja.

Nyumba ilikuwa ya nani?

Hapa ndipo wengi hawaelewi. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha mijini, yale yenye thamani ya kuanzia Sh100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 Msajili aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Ndiyo maana sehemu kubwa ya katikati ya Dar ina mwenye nyumba mmoja, tena wa serikali. Jengo la Bilicanas nalo lilikuwa la NHC.

NHC ilisema kampuni ya Mbowe ni mdaiwa sugu, na kwamba kodi ya pango ya miaka mingi ilikuwa imepita Sh1 bilioni. Upande wa Mbowe ukapinga: ulisema wao si wapangaji wa kawaida bali wabia, kwa makubaliano ya zamani ya kuliendeleza jengo hilo.

Sasa angalia tarehe. Juni 2016 wabunge wa upinzani walikuwa wakitoka ukumbini Dodoma wakiwa wamejiziba midomo, wakimgomea Naibu Spika Tulia Ackson. Julai, Mbowe akatangaza UKUTA, maandamano ya nchi nzima ya kupinga walichokiita udikteta, yafanyike Septemba 1. Polisi wakayapiga marufuku. Agosti 31 Mbowe akayaahirisha kwa mwezi mmoja. Kesho yake, Septemba 1 yenyewe, dalali akafika Mkwepu na vyombo vikaanza kutolewa nje.

NHC ilikanusha siasa. Ilisema inakusanya madeni kwa kila mtu, na ni kweli wakati huo taasisi za serikali zenyewe zilikuwa zikitajwa kwenye orodha ya wadaiwa. Lakini tarehe ile ilikuwa ngumu kwa watu kuimeza, na haikusaidia kwamba katikati ya 2017 shamba la Mbowe la mboga kwenye vitalu nyumba huko Hai nalo liliharibiwa kwa amri ya wilaya, safari hii sababu ikiwa ni kulinda chanzo cha maji.

Mbowe alikwenda Mahakama Kuu, Kitengo cha Ardhi, lakini hakurudishiwa jengo. Kabla Septemba haijaisha, mashine zilikuwa zimeshaliangusha. Mwisho wa mwezi huohuo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia Dodoma, kutekeleza ahadi ya Rais Magufuli ya kuhamisha makao makuu.

Mbowe aliendelea kuwa mwenyekiti wa Chadema hadi Januari 2025, aliposhindwa na Tundu Lissu. Bilicanas haikufunguliwa tena. NHC yenyewe ipo, na kwa wakazi wa Dodoma si jina geni: ndiyo iliyojenga nyumba za Medeli na Iyumbu.