Masikio ya watu wa shaba

Ndugu wasikilizaji wa Buluo na Likasi nzima, na ninyi familia mliokimbia vijiji vyenu mkaja kutafuta kazi kwetu, leo tuzungumze juu ya masikio.

Uziwi wa kazini ni wa zamani kama shaba. Mbele ya wazungu kufika, mababu wa Katanga waliyeyusha mawe katika tanuru za udongo, wakafua shaba kwa nyundo. Mwaka 1700, mbali huko Italia, mganga Bernardino Ramazzini aliandika kwamba wafua shaba wa Venice waliumia masikio kwa kupiga nyundo kutwa, na uzeeni wakawa viziwi. Kwa hiyo jambo hili limejulikana zaidi ya miaka 300.

Kwetu makelele yaliongezeka na Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906. Zikaja baruti, treni na mashini za kusaga mawe. Mwaka 1929 ikafunguliwa usine ya Shituru. Mwaka 1966 Jadotville ikaitwa Likasi, na mwaka 1967 serikali ikachukua kampani. Majina yalibadilika, makelele yakabaki. Mzee aliyekatika mguu, kila mtu alimwona. Aliyepoteza masikio alionekana tu mtu wa kiburi, asiyejibu salamu.

Leo kijana anayejenga barabara au nyumba yuko katika hatari ileile. Wataalamu wanasema sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatika nusu. Kwa desibeli 100, dakika 15 zimetosha. Na mashini ya kuvunja beton inapita hapo. Vinywele vidogo ndani ya sikio vikisha kufa, haviote tena. Hakuna dawa.

Dalili ni hizi: ukitoka kazini masikio yanalia, ukiwa karibu na mwenzako, lazima upige kelele ndipo asikie. Pamba haitoshi. Omba kaske au vizibo vya masikio, pokezaneni mashini, pumzika mbali nayo. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka bwana kazi alinde afya ya mfanyakazi, hata wa kibarua.

Ndugu mkimbizi, najua unaogopa kufukuzwa ukiomba. Basi ombeni pamoja. Nyumba na shamba umekwisha kuviacha nyuma. Usiache na sauti ya watoto wako.